Wapangaji saba, geti moja: tuandikiane nini kuhusu usalama?

Mpangaji wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Naomba mawazo yenu, hasa nyie mliokaa nyumba za vyumba muda mrefu.

Nipo Tabata, nyumba ya kupanga, tuko kaya saba, kuna familia zenye watoto wadogo, kuna mabachela, na kuna dada mmoja nesi anayeingia shifti ya usiku. Korido moja katikati, choo na bafu vya kushea viko uani, na pa kutokea ni geti moja tu. Mwenye nyumba anakaa mbali, tunamuona kodi ikikaribia kuisha. Juzi kati usiku mpira wa gesi wa jirani ulivuja, mtungi ulikuwa koridoni, mtoto ndo aliyesikia harufu akamwamsha mama yake. Mtu wa kwanza kutoka chumbani akawasha taa ili aone vizuri, mwingine akawasha feni hewa itoke, sisi wengine tukakimbilia getini tukakuta kufuli limepigwa kwa ndani na mwenye ufunguo amelala hana habari. Hakuna aliyeumia, tunamshukuru Mungu, ila kila nikikumbuka nachoka.

Jumapili tuna kikao tuandikiane makubaliano. Shida kila mtu anakuja na lake, mmoja anataka muziki upungue, mwingine zamu za kufagia uwanja, mwingine maji ya kufulia yasimwagwe mbele ya mlango wake, na naona yale yanayoweza kutuua yatazama humo humo. Halafu kuna ubishi wa geti, nusu wanataka lifungwe saa nne usiku na ufunguo ukae kwa mtu mmoja sababu ya vibaka, nusu hawataki. Na kuna baba mmoja anataka iandikwe kabisa kwamba mgeni wa kulala ni marufuku.

Mngekuwa nyie mngeandika nini na mngeacha nini? Na mtu akikiuka mnamfanyaje wakati mwenye nyumba hayupo?

Mama Wawili

Pole sana mwanangu. Mengine yasubiri Jumapili ila la geti limalizeni leo leo.

Mimi nimelea watoto kwenye nyumba za kupanga kuanzia Magomeni mpaka Mbagala, na nyumba niliyoiogopa kuliko zote ilikuwa na mtindo huo wa ufunguo mmoja kwa mtu mmoja. Mtu aliye ndani asilazimike kumwamsha mwenzake ndo atoke. Kila kaya iwe na ufunguo wake na unaning'inia mahali pamoja kila siku, kwenye msumari nyuma ya mlango wa chumba, siyo kwenye pochi wala mfuko wa suruali iliyofuliwa. Hao wanaosema vibaka waambie mwizi wa kuruka ukuta haombi ufunguo, anayeutafuta ni wewe una mtoto mgongoni na moshi umeshajaa korido.

Ila na wao wasikilizeni, maana hofu yao siyo ya kubuni. Mpangaji akihama kufuli linabadilishwa siku hiyo hiyo, hata kama amerudisha ufunguo, kwa sababu kuchonga mwingine ni shughuli ya dakika chache tu pale mtaani. Na iandikwe nani anatoa hela ya kufuli, la sivyo mtaongea kwenye grupu miezi mitatu kufuli lile lile.

La watoto usilisahau. Angalieni mfuniko wa chemba ya choo kama umepasuka, watoto wanaruka ruka pale juu na watu wazima wanapita tu. Ndoo na mapipa ya maji yafunikwe, mtoto anayetambaa anaweza kuzama kwenye ndoo ya lita ishirini na usisikie hata sauti. Na jingine naomba mliseme kwa sauti kwenye kikao bila kumtazama mtu: mtoto hatumwi chumbani kwa mtu peke yake, wala haitwi ndani kupewa biskuti au kuangalia katuni kwenye simu. Anayempenda mtoto ampe zawadi yake hapo hapo uani mama yake anaona.

Wakala wa Gesi

Mimi nauza mitungi, nasambaza mitaa ya Ubungo na Kimara, hayo ya kwenu nayakuta sana. Tangu mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia uzinduliwe 2024, wakilenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034, watu wengi wanahama mkaa na mimi nafurahi, ila mitungi inaingia kwenye nyumba ambazo hakuna aliyekaa na wapangaji akawaambia cha kufanya ikivuja.

Gesi hii ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Haipandi darini, inatambaa sakafuni, inapita chini ya milango, inajikusanya kwenye mashimo na mitaro. Aliyelala kwenye godoro chini ndo anayefikiwa mapema. Sasa swichi ya taa ukiibonyeza inatoa cheche ndani ambayo huioni, na kuizima iliyokuwa inawaka ni hivyo hivyo, feni hivyo hivyo. Kwa hiyo usiku ule wa kwenu mlinusurika kweli kweli, nasema hivi ili Jumapili mtu asije akasema yameisha tusonge mbele.

Ikinuka fanyeni hivi, hakuna kugusa swichi yoyote, hakuna kiberiti, hakuna sigara, funga koki ya mtungi kama unaifikia salama, fungua milango yote (siyo dirisha la juu tu maana gesi iko chini), toeni watoto, mkishafika mbali huko nje ndo mtu apige simu, zimamoto ni 114. Harufu yenyewe inaongezwa makusudi, gesi kwa asili haina harufu, waliiwekea hiyo harufu kali ili uamke. Kwa hiyo ikikuamsha usiizoee ukasema itaisha.

Mtungi koridoni hapana. Siyo kwa ajili ya usafi, ni kwa kuwa korido ndo njia yenu pekee ya kutokea. Kama kila chumba kinapikia ndani, upikie karibu na mlango au dirisha lililo wazi, mtungi usimame wima, usiulaze wala kuugeuza kichwa chini eti imalizikie, na kabla ya kulala ufunge koki ya kwenye mtungi, siyo kitufe cha jiko peke yake. Mpira uwe wa gesi, usitumie wa maji. Ukiukunja ukaona nyufa badilisha, usiufunge na kipande cha mfuko. Ukitaka kupima, chukua povu la sabuni pakaa kwenye maungio, likianza kutoa viputo panavuja. Kuna watu wanapima na njiti ya kiberiti, nimewaona, naombeni sana msifanye.

Halafu nataka muandike kitu ambacho sijakiona kwenye masharti ya nyumba yoyote. Ruhusa. Andikeni kwamba jirani yeyote akisikia harufu anaruhusiwa kugonga kwa nguvu saa yoyote, kuingia na kufunga koki ya mtungi usio wake, na asije akaambiwa kesho anapenda kuingilia ya watu. Mara nyingi watu wanasikia harufu wanakaa kimya kwa kuogopa maneno.

Fundi Umeme

Namuunga mkono wakala hapo kwenye ruhusa. Kwenye umeme ni hivyo hivyo, kila mtu mzima ndani ya nyumba ajue meni swichi ilipo na awe na ruhusa ya kuizima bila kuuliza. Kuna nyumba nimefika boksi la meni swichi liko ndani ya chumba cha mpangaji mmoja, anafunga mlango anaenda kazini. Kama kwenu ni hivyo mwambieni mwenye nyumba alihamishie koridoni, hilo ni la kwake kulipa.

Kwa haraka haraka. Hita ya kuchemshia maji kwenye ndoo, usitie mkono kupima kama yamechemka kabla hujazima na kuchomoa, na isiachwe uani watoto wanapita. Ekstensheni moja kubeba pasi, hita na jiko la umeme kwa pamoja hapana, mkiona soketi imeanza kuwa rangi ya kahawia au inanuka plastiki hiyo imeshaanza kuungua. Breka ikiwa inakata kila siku msiiwekee waya wala msiweke kubwa kuliko iliyopo, inakata kwa sababu kuna tatizo.

Ninachotaka mwende mkakiangalie kesho asubuhi kwa macho ni kamba ya kuanikia nguo. Ni waya? Umefungwa wapi? Nyumba nyingi waya umefungwa kwenye msumari wa bati au kwenye lile bomba linalopokea umeme kutoka nguzoni. Siku waya wa umeme ukichubuka ukagusa bati, bati zima lina umeme, waya wa nguo una umeme, na mama anakuja na nguo mbichi mikononi. Bei ya kamba ya nailoni ni ndogo, nunueni. Na ukiona mtu amenaswa usimshike, kimbilia meni swichi kwanza.

Dada wa Shifti

Mimi siyo huyo nesi wenu ila maisha yangu ndo hayo, natoka kazini saa sita usiku. Hilo la geti kufungwa saa nne na ufunguo kwa mtu mmoja maana yake mimi nasimama nje barabarani usiku napiga simu haipokelewi. Mnakuwa mmewalinda waliomo ndani, na mwenzenu mmemuacha nje na hao hao vibaka. Mama Wawili kamaliza, kila kaya ufunguo wake. Wekeni na taa pale nje getini, na taa ya njia ya chooni, na komeo la ndani la bafu na choo ambalo linafunga kweli, siyo kipande cha waya. Taa mbili hizo uniti zake zichangwe na wote, sababu kwenye nyumba nyingi taa ya uani inazimwa na yule ambaye iko kwenye LUKU yake, na mnamlaumu wakati mmemwachia mzigo peke yake.

Sasa wageni. Jamani hilo la marufuku mgeni wa kulala nalijua linavyoishia. Linaandikwa kwa watu wote, linatumika kwa dada anayeishi peke yake. Kaka akileta mtu hakuna anayesema, mimi mdogo wangu akitoka Tanga kulala siku mbili naitwa kikao. Huo siyo usalama, ni kuchungana.

Kinachohusu usalama ni kujua nani yumo ndani. Basi iwe hivi, ukiwa na mgeni wa kulala unamwambia jirani wa mlango wa pili au unaandika kwenye grupu, leo niko na mgeni, imetosha, hakuna kuuliza ni nani wako. Ikitokea moto mnajua chumbani kwako kuna watu wangapi. Na mgeni ni jukumu la mwenyeji wake, hapewi ufunguo wa geti akabaki nao. Mtu akigonga getini akataja jina la mpangaji asifunguliwe kwa sababu amelijua jina, mpangaji mwenyewe aje amfungulie au apige simu.

Na iandikwe kwamba mpangaji yeyote akigongewa mlango au kufuatwa chooni usiku na mtu asiyemtaka, awe mgeni wa mtu au mpangaji mwenzake, akipiga kelele watu watoke. Wote. Msikae ndani mkisema ni mambo ya wapenzi. Hata kama ni wapenzi mtoke. Polisi kuna Dawati la Jinsia na Watoto, namba ya dharura 112, ziandikeni pale pale kwenye karatasi.

Niko Makambako

Nyie wa Dar mnaongelea gesi, huku kwetu Juni na Julai ni jiko la mkaa. Baridi ikikaza watu wanaliingiza ndani wanafunga madirisha wanalala, asubuhi hawaamki. Hewa ile ya sumu haina harufu wala rangi, moshi ukiisha ndo mtu anadhani mkaa sasa uko salama. Inakamata damu isibebe oksijeni, unaanza kuumwa kichwa, kichefuchefu, ukija kujua ni mkaa miguu haikubebi tena. Kwenye nyumba ya kushea lifanyeni sharti, jiko la mkaa linawashwa nje na kuzimikia nje, hata mvua ikinyesha, na mwenye nyumba ajenge kibanda cha bati wazi pembeni cha kupikia. Hata Dar msimu wa mvua watu wanaingiza.

Jirani wa Nairobi

Salamu kutoka Nairobi. Huku tunakaa kwa ploti za ghorofa, keateka, yaani mtunza jengo, ndiye anashika funguo, na shida ni ile ile. Saa zingine analala ama ametoka na geti ni ya chuma.

Naongeza mbili. Ya kwanza, mjue mtungi umejazwa wapi. Usiku wa tarehe 1 Februari 2024 pale Embakasi kulilipuka mahali palipokuwa panajaza gesi bila kibali katikati ya makazi, watu walifariki na mamia wakaumia wakiwa kwa nyumba zao tu. Mtungi wa bei ya chini sana uliojazwa vichochoroni hujui umejazwa kiasi gani wala vali ilikaguliwa na nani. Kwa hiyo muandike tunanunua kwa wakala anayejulikana, mtungi una sili.

Ya pili ni grili za dirisha. Tunaogopa wezi tunaweka vyuma kila dirisha, mlango ukishika moto hakuna pa kupitia. Mwambieni mwenye nyumba angalau dirisha moja la kila chumba grili yake iwe na bawaba, inafunguka kutoka ndani, ina kufuli dogo na ufunguo unakaa ukutani mahali mkono wa mtu aliye nje ya dirisha haufiki ila wewe ukiwa gizani unaupapasa unaupata. Fundi wa kuchomelea anaibadilisha hiyo hiyo iliyopo, si lazima mpya.

Mpangaji wa Tabata

Asanteni sana, nimesoma yote na nimemsomea jirani yangu mwenye mtungi, na yeye kakubali kuutoa koridoni bila ugomvi. Nesi wetu amecheka kwa furaha alivyosikia kuna mtu amesema la kusimama nje usiku.

Kamba ya nguo nimeenda kuangalia. Ni waya na umefungwa kwenye msumari wa bati.

Swali langu linabaki kwa mwenye nyumba. Bawaba za grili, kuhamisha meni swichi, mfuniko wa chemba, haya ni yake. Nikimpigia atasema kama hamuwezi hameni. Na mtu akikiuka?

Mwenye Nyumba, Kinyerezi

Naongea kama mtu mwenye vyumba vya kupangisha. Usimpigie wewe peke yako. Mtu mmoja akinipigia naona ni mlalamishi, wapangaji wote wakiniletea karatasi moja yenye sahihi za kaya zote naelewa kwamba wakihama watahama pamoja na vyumba vitakaa tupu. Na usimpelekee orodha ndefu. Mpelekee yale yanayoshika jengo lake, meni swichi, grili, chemba, komeo la choo, maana nyumba ikiungua hasara ya jengo ni yake yeye. Mwambieni mko tayari kulipa fundi na ikatwe kwenye kodi ijayo, aandike kukubali, hata kwa ujumbe wa simu. Wengi tunakubali hapo kwa sababu hatutoi hela mfukoni siku hiyo.

Kisha ombeni makubaliano yenu yawe kiambatisho cha mkataba wa pango, ili mpangaji mpya akija asaini vyote kwa pamoja. Mkibaki na karatasi yenu wenyewe ukutani, mgeni wa mwezi ujao atasema hakuwepo. Mwiteni mwenyekiti wa serikali ya mtaa au mjumbe wake ashuhudie siku ya kusaini, agonge muhuri, mtu akija kukiuka mnajua pa kumpeleka.

Kuhusu kukiuka mimi faini siziamini, kwenye nyumba ya kupanga faini inaleta chuki na anayekusanya anaonekana mla hela. Gawanyeni makosa. Yale ya kuudhi, muziki na kufagia, yawekeni karatasi nyingine kabisa msiyachanganye. Haya ya kuua, yaani petroli ndani, jiko la mkaa ndani, mtungi koridoni, kufuli lisilofunguka, kosa linaondolewa pale pale na yeyote aliyeliona, ndo ile ruhusa anayosema wakala, halafu mwenye kosa anaambiwa mbele ya watu wawili. Akirudia mnamwita mwenye nyumba, na hapo ana haki ya kutomwongezea mkataba.

Petroli naona hamjaitaja. Kama kuna kijana wa bodaboda anaweka kidumu chumbani au pikipiki inalala koridoni, hilo liwe la kwanza kabisa Jumapili. Ongeeni naye kwa heshima maana ndo kazi yake, mtafutieni pa kulaza pikipiki uani yenye mnyororo, mbali na majiko na isizibe njia ya geti. Kidumu kisilale ndani ya nyumba kabisa.

Mpangaji wa Tabata

Baba asante, na kijana wa bodaboda tunaye kweli, chumba cha mwisho, na pikipiki inalala koridoni. Ana mke na mtoto mchanga humo humo. Nitaenda kumuona kabla ya kikao ili asije akajisikia ameviziwa mbele ya watu.

Nimegawanya karatasi mbili kama ulivyosema. Hii ya usalama inaanza na ruhusa, kugonga, kufunga koki, kuzima meni swichi, kukata kufuli ikibidi, kumtoa mtoto wa mwenzako nje. Halafu funguo na kufuli, gesi, mkaa, petroli, umeme, watoto, wageni kwa ule utaratibu wa dada, na chini kabisa 114 na 112 pamoja na namba ya ndugu mmoja wa kila kaya, maana usiku ule nimegundua sina namba ya mtu yeyote wa jirani zangu. Kufuli jipya limeshapatikana, funguo saba kila kaya wake, la zamani tumelitoa. Kamba ya nailoni nanunua kesho nikitoka kazini. Fundi wa kuchomelea anakuja Jumamosi kuangalia grili, akinipa bei nitaiweka hapa, maana najua siyo sisi tu.